Mzee Anayekonda Mbele ya Sahani Iliyojaa

Mzee aliyepatwa na dimensia, maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na akili, hukonda. Mara nyingi familia huliona jambo hilo kabla ya daktari: mkanda wa suruali unatobolewa tundu jipya, gauni linaning'inia mabegani, meno ya bandia yanaanza kucheza mdomoni. Hapo huanza swali ambalo halikosi kuulizwa, nalo ni tumpe nini? Mafuta ya samaki? Vidonge vya vitamini? Maziwa ya unga ya kopo, yale ya bei kali? Hoja yangu ni kwamba swali hilo linaanzia pabaya. Katika boma la kawaida la Adungosi, huku Teso Kusini magharibi mwa Kenya, kati ya Busia na Malaba, ambako wimbi, mtama, muhogo, kunde, njugu na simsim hutoka shambani na omena hupatikana sokoni, kinachomwishia mgonjwa huyu kwanza ni uwezo wa kula. Uwezo huo hauuzwi dukani. Anayeweza kuufidia ni mtu anayeketi kando ya mzee, mwenye subira, anayejua anachokifanya na anayejua kwa nini anakifanya.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, maana wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu zaidi na kwetu, watafiti walipita kijiji kwa kijiji katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na matokeo yao yakachapishwa 2013: kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Hai ni jamii ya wakulima wanaoishi na wazee wao nyumbani, kama ilivyo Teso Kusini, na sioni sababu ya kudhani kwamba huku kwetu hali iko mbali sana na hapo. Chukua orodha ya wazee 100 wa kata moja wanaopokea fedha za Inua Jamii, mpango ambao kwa upande wa wazee huwalenga waliotimiza miaka 70, na utarajie kwamba 6 hivi wanahitaji uangalizi ninaouzungumzia hapa.

Pingamizi la kwanza husemwa kwa upole: huo ni uzee tu, mzee hula kidogo. Ni kweli kwamba mwili uliopunguza kazi hupunguza njaa, lakini kupungua uzito ni jambo jingine. Huko Honolulu, Hawaii, wanaume wenye asili ya Kijapani walifuatiliwa kwa miongo mingi, na utafiti uliochapishwa 2005 ukaonyesha kwamba waliokuja kupata dimensia walianza kupoteza uzito miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Uzito kwa hiyo ni habari, tena habari ya mapema. Kipimo wanachokitumia wataalamu wa lishe ni rahisi: mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, kuna jambo la kuchunguzwa. Kwa bibi mwenye kilo 50 hiyo ni kilo mbili na nusu. Wepesi huo jicho la anayemwona kila siku haliuoni. Mizani huuona.

Kwa nini hasa mtu ashindwe kula ilhali chakula kiko mbele yake? Kula tunakuona kuwa kwepesi kwa sababu ubongo wenye afya hauonyeshi jasho lake. Lazima ujue kuwa ni wakati wa kula, ukumbuke kama umeshakula, ukitambue kilicho kwenye sahani kuwa ni chakula, uamuru mkono ufinyange tonge, uchovye, upeleke mdomoni, utafune, kisha umeze bila kuvuta hewa. Dimensia huvunja mnyororo huo pete moja moja, wala haianzii mahali pamoja kwa kila mtu. Ugonjwa wa Alzheimer, ulioenea zaidi kati ya aina za dimensia, hushambulia mapema sehemu za ubongo zinazohusika na kunusa, na chakula kisicho na harufu ni kama karatasi mdomoni. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hukimbilia vitu vitamu na kuziacha mboga walizozipenda maisha yao yote. Mwingine hutangatanga kutwa, kutoka kizingiti hadi barabarani na kurudi, akichoma nguvu nyingi kuliko anayeshinda kitini. Mwingine huusahau mkono wake katikati ya safari, tonge likabaki hewani. Halafu kuna sababu zinazotibika ambazo husingiziwa dimensia: jino bovu, vidonda vya mdomo, choo kigumu cha siku kadhaa, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, huzuni ya moyo. Hata dawa ya ugonjwa wenyewe inaweza kuwa mkosaji: donepezil, inayotolewa kusaidia kumbukumbu, huwaletea baadhi ya watu kichefuchefu na kuwakatia hamu ya kula. Anayeacha kula ghafla ndani ya siku mbili tatu apelekwe hospitalini, Alupe, Kocholya au Busia, kokote kuliko karibu. Dimensia yenyewe haiendi mbio hivyo.

Sasa tazama jinsi marekebisho madogo yanavyoweza kufanya kazi kubwa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, waliwachunguza wanaume 9 wenye Alzheimer iliyokomaa, waliokuwa wakila kwenye vyombo vyeupe. Vyombo vilipobadilishwa vikawa vyekundu, chakula kilicholiwa kiliongezeka kwa asilimia 25 na vinywaji kwa asilimia 84. Hakuna kilichoongezwa kwenye chungu. Jicho la mgonjwa lilikuwa limepoteza uwezo wa kutenganisha rangi zinazokaribiana, na chakula cheupe kwenye sahani nyeupe kilikuwa hakionekani. Watu 9 ni wachache, na mtafiti makini hawezi kuapa kwa utafiti wa ukubwa huo. Hata hivyo gharama ya kuujaribu ni sahani moja ya plastiki nyekundu au ya buluu, na ugali wa mahindi, mweupe kama ulivyo, ni chakula ambacho jaribio hilo kama lilitungwa kwa ajili yake. Ugali wa wimbi una kinyume chake: usiuweke kwenye bakuli la kahawia.

Katika namna ya kula, mila yetu ya mezani ina nguvu kuliko ile ya walioandika miongozo. Vitabu vya Ulaya na Marekani huwashauri watunzaji waachane na uma na kisu, wampe mgonjwa vyakula vya kushika kwa vidole, kwa kuwa ujuzi uliozoewa na mikono tangu utotoni hudumu baada ya majina ya watoto kusahaulika. Mzee wa Kiteso ambaye amekula atap, ugali wa wimbi, kwa mkono wake wa kulia kwa miaka 75 hana haja ya kufundishwa hilo. Makosa huja pale familia, kwa nia njema na kwa kuchoshwa na kufua nguo, inapomnyang'anya mkono na kumletea kijiko. Mwache afinyange mwenyewe, hata kama nusu itaishia kifuani. Akishindwa kuanza, weka mkono wako chini ya wake, uinue hadi mdomoni mara ya kwanza na ya pili. Mara nyingi ya tatu atakwenda mwenyewe. Mletee kitu kimoja kwa wakati, kwa kuwa sahani yenye vitu vinne ni maswali manne. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande, yai lililochemshwa na kugawanywa mara nne, ndizi mbivu, kipande cha parachichi: hivi humfaa hata yule asiyetulia kitini, anaweza kuvila akitembea.

Lakini mila hiyo hiyo ina upande unaoumiza. Katika maboma mengi ya magharibi mwa Kenya mzee wa kiume hula peke yake. Chakula hupelekwa nyumbani kwake kimefunikwa, na baada ya saa moja mtoto hutumwa kurudisha vyombo. Sahani ikirudi tupu, jikoni hushukuru. Nani aliyekula? Pengine kuku, pengine yule mtoto. Isitoshe, heshima kati ya baba mkwe na mkaza mwana humzuia mke wa kijana kuketi karibu na mzee, sembuse kumshika mkono. Heshima hiyo siikejeli, na sidhani itaondolewa na makala ya gazeti. Ninachosema ni kwamba zamu ya mlo wa mzee wa kiume ni ya wana wake na wajukuu wake wa kiume, na kijana asione kwamba kazi hiyo ni ya kike. Mtu huiga. Akimwona mwenzake mbele yake anamega, anachovya, anatafuna, mkono wake unakumbuka. Uholanzi, katika nyumba za kutunzia wazee, jaribio lililochapishwa 2006 lililinganisha wazee waliokula mezani pamoja kutoka kwenye mabakuli ya pamoja na wale walioletewa trei iliyokwisha kupangwa. Baada ya miezi 6 wale wa meza ya pamoja walikuwa wamehifadhi uzito vizuri zaidi. Waholanzi walilazimika kubuni kwa utafiti kile ambacho sinia yetu ilikuwa ikikifanya siku zote, na ambacho sasa tunamnyima mzee kwa kuwa anamwaga mchuzi mbele ya wageni. (Pombe ya ajon inayonywewa kwa mirija kwenye chungu kimoja ni kesi ngumu zaidi. Pombe humharibu mgonjwa wa dimensia akili na mwendo, na sitamshauri yeyote ampe. Ila mzee aliyeondolewa chunguni amepoteza pia wenzake wa jioni, na pengo hilo lijazwe: uji uletwe, na rika wake waje.)

Pingamizi la pili ni zito zaidi: unazungumza kuketi na kutazamana, na chakula chenyewe kiko wapi? Shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, zikija kwa wakati, hazinunui maziwa ya kila siku. Nalikubali pingamizi hili nusu. Zipo nyumba ambazo njaa ni ya kila mtu, na huko ushauri wangu wa sahani nyekundu ni dhihaka. Lakini katika nyumba nyingi za ukanda huu shida iko kwenye ujazo. Mgonjwa anaweza kula vijiko kumi tu kabla ya kuchoka, na vijiko hivyo kumi vimejaa maji na wanga. Unga wa muhogo, unaochanganywa sana kwenye ugali wa Busia, una protini isiyozidi gramu 2 hivi katika kila gramu 100. Wimbi lina kama gramu 7, njugu karanga kama 25, na omena kavu huvuka 50. Mtu mzima mwenye umri mkubwa anahitaji protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yule bibi wetu wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Kwa ugali wa muhogo na mboga ya majani hatafika, hata akimaliza sufuria.

Chukua bakuli la uji wa wimbi lenye mililita 300. Uliopikwa kwa maji na gramu 30 za unga, bila kitu kingine, humpa mlaji kalori 100 hivi na protini ya gramu 2. Badilisha nusu ya maji kwa maziwa, koroga vijiko viwili vya mezani vya njugu zilizosagwa laini, ongeza sukari kijiko kimoja cha chai. Bakuli ni lile lile, kazi ya kulimaliza ni ile ile, ila sasa lina kalori karibu 400 na protini gramu 15. Mabakuli mawili ya namna hiyo, moja asubuhi na moja jioni, yanatoa nusu ya protini ya siku au zaidi, na milo ya mchana inabaki kuwa starehe badala ya vita. Omena waliokaangwa kavu na kutwangwa hadi wakawa vumbi huingia kwenye mchuzi wa kunde bila mtu kujua, na hatari ya miba imetoweka. Simsim iliyosagwa pamoja na njugu, ambayo wanawake wa Kiteso wameitia kwenye mboga tangu hapo, ina mafuta mengi na huteleza kooni. Maziwa ndiyo ghali hapa. Yakikosekana, ongeza kijiko cha tatu cha njugu. Sijui kopo gani la dukani linaloweza kushindana na bakuli hilo kwa bei.

Na vile vidonge? Hapa ushahidi hauna huruma. Mafuta ya samaki yalipewa nafasi nzuri ya kujitetea: Marekani, watu 402 wenye Alzheimer ya kiwango kidogo na cha kati waligawanywa, baadhi wakapewa DHA, kiini cha mafuta hayo, na wengine dawa bandia kwa miezi 18, na matokeo yaliyochapishwa 2010 hayakuonyesha kwamba ugonjwa ulipunguza mwendo. Chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, ESPEN, kilipoandika mwongozo wake wa 2015 kuhusu lishe katika dimensia, kilisema wazi kuwa vitamini na virutubisho vya aina hiyo visitumike kwa lengo la kurudisha akili, labda pawepo upungufu uliothibitishwa. Upungufu huo ndio mlango ninaouacha wazi. Vitamini B12 ikipungua sana huleta usahaulifu na ganzi za miguu zinazofanana na dimensia, nayo hutibika. Na mzee mwenye kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi yuko katika hatari hiyo. Basi aende akapimwe damu, kisha atibiwe kinachoonekana. Kununua vitamini kwa kubahatisha ni kuziondoa kwenye sufuria pesa za mayai.

Kuna amri nyingine zinazozuia mlo, nazo zimetoka hospitalini, kwa hiyo watu huziogopa kuzigusa: asile chumvi, asile sukari, asile mafuta. Mtu wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu anazuiwa chumvi ili apate miaka 30 ya mbele. Bibi wa miaka 84 mwenye dimensia, ambaye amepoteza kilo 4 na hali mboga kwa sababu haina ladha, yuko kwenye hesabu nyingine kabisa, na mwongozo ule ule wa ESPEN unasema masharti ya mlo yaepukwe kwa wagonjwa hawa kwa kuwa yanazidi kupunguza ulaji. Simwambii mtu avunje agizo la daktari gizani, hasa kwa anayetumia insulini au mwenye figo mbovu. Namwambia arudi kliniki na swali moja lililo wazi: kwa hali aliyonayo sasa, sharti hili bado lina faida? Tabibu mwungwana hatakasirika.

Ugonjwa ukifika mbali, koo nalo husahau kazi yake. Dalili zake ni kikohozi katikati ya mlo, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, chakula kinachobaki kimefichwa shavuni, kifua kinachougua mara kwa mara. Chai na maji ndivyo vinavyomhangaisha zaidi, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajifunga. Uji mzito humtii. Mketishe wima, kidevu kikiinama kidogo, mpe kiasi cha kijiko cha chai, ngoja uone koromeo limepanda na kushuka ndipo ulete kingine, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Jambo moja nalisema bila kulizungusha: kumlaza mzee chali, kumbana pua au kumshindilia uji mdomoni ni kumtilia chakula mapafuni. Anayefunga mdomo na kugeuza uso amesema. Ondoa bakuli, rudi baada ya nusu saa na uso mwingine.

Wanaofika hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, wanaweza kukutana na swali la kumlisha kwa mpira unaopitishwa puani au tumboni. Kwa mtu aliyepooza baada ya kiharusi na anayetarajiwa kupona, mpira huokoa. Kwa dimensia iliyofika mwisho, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2009 hayakupata ushahidi kwamba mpira unaongeza umri au unazuia homa ya mapafu, na Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilishauri 2014 wagonjwa hao waendelee kulishwa kwa mkono, kwa kadiri wanavyotaka. Hapo familia hubeba hatia isiyo yake: tumemwacha afe njaa. Mwili unaofunga kazi hauitishi chakula kama mwili wa kijana. Kulowesha midomo, kumpa vijiko viwili vya kile alichokipenda, ni huduma kamili, na kiongozi wa dini akiwaeleza hivyo watu wa nyumba hiyo atakuwa amewatua mzigo ambao daktari hajui kuutua.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mlo mmoja wa namna hii unaweza kuchukua dakika 45, mara tatu kwa siku, na mwenye dakika hizo ni nani? Vijana wako Malaba kwenye foleni ya malori, au Busia wakivusha bidhaa, au kwenye bodaboda. Nyumbani amebaki mkaza mwana mwenye mtoto mgongoni na shamba linalomngoja. Kumwambia mama huyo aongeze subira ni kumtukana. Kinachowezekana ni kugawa. Mlo mmoja kati ya mitatu uwe ndio mlo wa kazi, ule wa saa ambayo mzee huwa mchangamfu, aghalabu asubuhi, na hiyo zamu iandikiwe mtu kwa jina: leo mjukuu, kesho shangazi, Jumapili mwana anayerudi kutoka mjini, ambaye mara nyingi huleta pesa na maagizo lakini si dakika 45. Milo mingine miwili iwe ya kushika mkononi.

Serikali ina sehemu yake, na si lazima ianze na hospitali mpya. Septemba 2023 Kenya iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, waliopewa vifaa vya kwenda navyo nyumba kwa nyumba, mizani ikiwemo. Wengi hufika bomani, wakampima mtoto, wakamuuliza mama maswali, wakaandika kwenye simu zao na kupita mbele ya mzee aliyeketi chini ya mwembe. Naiomba kaunti ya Busia iwaagize jambo moja zaidi: kila baada ya miezi mitatu, mzee aliyetimiza miaka 70 apande mizani, uzito wake uandikwe karibu na ule wa mara iliyopita, na akipungua zaidi ya kilo mbili aliye nyumbani aulizwe nani huketi naye anapokula.